Gari haliwaki, kompyuta haiwaki: tafuta kosa kabla ya kununua spea

Mwaka juzi nilinunua stata ambayo sikuihitaji. Probox yangu ilikuwa ikilala Shella hapa Malindi, nyumba ya tatu kutoka ufukweni. Asubuhi moja nikazungusha ufunguo, ikasema "tak" moja, kimya. Fundi aliyekuja akasikiliza mara mbili, akajifuta mikono, akasema, "Ami, stata hii imekwenda." Nikatoa pesa, stata ikafungwa, gari likawaka. Siku ya tano, "tak".

Safari hii nikamwita mzee mmoja wa umeme wa magari kutoka Maweni. Stata hakuigusa. Aliushika ule waya mweusi mnene unaotoka kwenye hasi ya betri kwenda kwenye gia boksi, akaukunja pale unapoingia kwenye kichwa chake, nikausikia ukikwaruza kama mchanga. Akachana gamba la plastiki kwa wembe. Shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Nyuzi zilizobaki nzima hazikuzidi vidole vya mkono mmoja.

"Sasa mbona liliwaka siku nne?" nikamuuliza.

"Mwanangu, yule alipofunga stata aliutikisa huu waya. Hukulipia stata, umelipia kutikiswa."

Kilichoniuma ni kwamba kazi yangu mwenyewe ni kutengeneza kompyuta. Kila wiki naletewa mashine "iliyokufa", natoa RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, nasugua meno yake kwa raba ya penseli, narudisha, inafufuka. Habari za mgusano mbaya nilikuwa nazijua vizuri, ila sikuwahi kufikiri kwamba na gari ni yale yale. Tangu siku ile nafuata utaratibu mmoja kwa vyote viwili: maungio kwanza, kipimo pili, spea mwisho. Hapa naeleza dalili ninazokutana nazo sana Malindi na jinsi ninavyozifuata.

Kwanza ujue gari lako linalala wapi. Chumvi ya bahari haingoji mvua. Inakuja na upepo, inatua juu ya chuma, na kwa kuwa chumvi hunywa unyevu wa hewani, inakaa na majimaji yake usiku kucha. Pale metali mbili tofauti zinapogusana, shaba na alumini au risasi na chuma, majimaji hayo ya chumvi hufanya kama betri ndogo, na metali moja huliwa ili nyingine isalimike. Gari linalolala Marafa, huko bara, lina shida ya vumbi. Linalolala Shella au Watamu lina shida hii. Miezi ya kusi, upepo unapotoka moja kwa moja baharini, ndiyo mibaya zaidi.

Ukizungusha ufunguo, "tak" au kimya

Usimwite mtu bado. Washa taa kubwa, zungusha ufunguo, na uangalie taa zinafanya nini.

Zikizimika kabisa kama zilizokatwa, kisha zikarudi ukiachia ufunguo, shaka iangukie vichwa vya betri, yaani vile vibano viwili. Mgusano unaweza kupitisha umeme kidogo wa taa, lakini stata inapodai umeme wake mwingi, unakata.

Zikififia polepole na injini ikazunguka kwa uvivu, betri imeisha chaji au imezeeka.

Taa zikibaki kali na husikii hata "tak", umeme haufiki kwenye stata. Kwa gari la otomatiki jaribu kwanza kupeleka gia kwenye N; swichi ya gia ikichakaa hukataa kuwasha kwenye P na kukubali kwenye N. Angalia fyuzi, relei (swichi inayovutwa kwa umeme), na ule waya mwembamba unaoingia kwenye stata.

Taa zikibaki kali na unasikia "tak" moja nzito, inaweza kuwa stata kweli. Inaweza pia kuwa waya kama wangu. Hapo ndipo mita inapokuja, na ningependa tukae kidogo, maana sehemu hii ndiyo watu wengi huiruka.

Weka mita kwenye volti za DC. Gari likiwa limelala usiku mzima, gusa nguzo mbili za betri. Ukisoma 12.6 betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni kama robo. Sasa mwambie mtu awashe huku wewe ukisoma. Betri nzuri itashuka lakini haitapita chini ya 9.6 au 10. Ikianguka hadi 7, betri ndiyo mgonjwa, hata kama asubuhi ilisoma 12.5.

Betri ikifaulu, usiende dukani. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi yenyewe, si kwenye kibano, na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini. Mtu awashe tena. Mita isome sifuri na kitu, tuseme 0.2. Ikisoma volti 1 au 2, volti hizo zinapotea njiani, kwenye waya au kwenye kibano. Fanya hivyo upande wa chanya pia: kutoka nguzo ya chanya hadi boliti nene ya stata. Uangalie tu ncha isiguse bodi.

Kwa nini usipime waya kwa ile sauti ya "tiii" ya mita? Kwa sababu itakudanganya. Stata ya gari dogo hula kama ampea 150. Waya ukiwa na kizuizi cha omu 0.02 tu, mia na hamsini mara 0.02 ni volti 3 zilizopotea, na stata haiwezi kuzunguka hivyo. Mita ya kawaida haiwezi kuiona omu 0.02, kwake waya huo ni mzima na italia "tiii" bila haya. Yule mzee alitumia mkono na sikio. Sisi wengine tupime waya ukiwa na mzigo, yaani stata ikizungushwa.

Kusafisha: fungua hasi kwanza, kwa spana ya 10 kwenye Toyota nyingi, halafu chanya. Sababu ni kwamba ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambayo hutaisahau. Unga mweupe au wa buluu umwagie maji ya moto yaliyochanganywa na baking soda; utachemka kama soda iliyofunguliwa. Maji yasiingie kwenye vifuniko vya betri. Kausha, sugua nguzo na ndani ya kibano kwa msasa hadi ving'ae, funga chanya kwanza na hasi mwisho, kisha paka vaselini juu. Juu, baada ya kukaza. Wako wanaopaka kabla ya kufunga wakidhani inasaidia kupitisha umeme. Vaselini haipitishi umeme, kazi yake ni kuzuia hewa ya chumvi.

Boliti ya erthi pale inapokaza kwenye bodi nayo uitoe na kuisugua. Mara nyingi imejificha chini ya sinia ya betri, na hakuna anayeiangalia mpaka ioze.

Betri nzima, lakini asubuhi imekufa

Washa injini na upime betri ikiunguruma. Utake kati ya 13.8 na 14.5. Ukiona 12 na kitu, alternata, jenereta ya gari, haichaji, au mkanda umelegea, au waya wake mnene umeliwa kwenye boliti. Ikizidi 15, kidhibiti cha alternata kimeharibika. Betri itachemka na taa zitaungua moja baada ya nyingine. Ukiona unanunua balbu kila mwezi, pima hapa kabla ya kulaumu balbu za dukani.

Kama inachaji vizuri, basi kuna kitu kinaiba usiku. Mita iende kwenye ampea, ncha nyekundu kwenye tundu la 10A, na uiweke mfululizo kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Milango ifungwe, ungoje kama nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Kilichobaki chini ya ampea 0.05 ni kawaida. Ukiona 0.4, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Iliyoishusha ndiyo njia ya mwizi. Na usithubutu kuwasha gari mita ikiwa imekaa hivyo. Kwa uzoefu wangu mwizi ni redio iliyobandikwa na kijana wa mtaani, alamu, au taa ya buti ambayo swichi yake imeshika kutu.

Na jambo la betri za kujaza maji: jaza maji ya betri, yaani maji yaliyosafishwa. Usiongeze asidi, maana asidi haipungui, kinachokauka ni maji. Maji ya kisima usiyasogeze hata karibu. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi inaua betri.

Injini inachemka

Swali la kwanza: inachemka wapi? Ikipanda ukiwa umesimama kwenye foleni na kushuka ukikimbia kwenye barabara ya Mombasa, kasoro iko kwenye feni, relei yake, au mapezi ya rejeta yaliyozibwa na vumbi na wadudu. Ukikimbia ndipo inapanda, basi maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba ndani, pampu imechoka, au maji yamepungua tu. Ikipanda bila mpango, na chupa ya akiba inatoa mapovu hata injini ikiwa ya baridi, anza kuogopa gasketi ya kichwa, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena.

Kifuniko cha rejeta hudharauliwa sana. Kwenye Toyota nyingi utaona kimeandikwa 1.1 au 108. Huo ni mgandamizo kinaouzuia, kwa vipimo viwili tofauti, na kwa mgandamizo huo maji hayachemki hadi kama nyuzi 120. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, yanachemka kwenye 100 kama ya birika, yanamwagika, na wewe unaambiwa ni gasketi. Kifuniko ni mamia ya shilingi. Gasketi ni maelfu kwa maelfu. Anza na kifuniko, na usikifungue injini ikiwa ya moto. Nimeona kifua cha mtu kilichobabuka kwa sababu hiyo.

Kisha kuna mjadala wa themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, mjadala ambao sijawahi kuushinda kwenye gereji yoyote ya hapa. Fundi atakwambia, "Huku kwetu joto, themostati ya nini? Toa." Nyingi hufunguka kwenye nyuzi kama 82. Ukiitoa, injini inachelewa kufika joto lake, kompyuta ya gari inadhani bado asubuhi na kuendelea kumimina petroli zaidi. Tena siku rejeta inapoziba, kuitoa hakutakuokoa. Themostati iliyokwama itoe, ndiyo, halafu weka nyingine. Ukitaka kujua kama ni nzima, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni na uwashe moto. Ifunguke mbele ya macho yako kabla maji hayajachemka.

Kuhusu cha kujaza: kulanti (dawa ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Umewahi kuona ndani ya birika la nyumba inayotumia maji ya kisima? Lile gamba jeupe ndilo linalojijenga ndani ya rejeta, tena huko kwenye vijia vyembamba vya alumini.

Breki, matairi na moshi

Haya nayapita haraka. Breki zikilia "kwiii" nyembamba ukikanyaga, pedi zinakaribia kwisha. Gari likivuta upande mmoja, au gurudumu moja likiwa la moto kuliko mengine baada ya safari, kalipa, kile kibano kinachobana pedi, imekwama. Pini zake zimeshika kutu. Zitoe, zisafishe, zipake grisi ya breki, si grisi ya kawaida, kwani hiyo huvimbisha mipira. Pedali ikizama kama sifongo, kuna hewa, au mafuta ya breki yamezeeka. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani: aina ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205, ikishanywa maji inaweza kushuka hadi 140. Kwa hewa yetu badilisha kila baada ya miaka miwili.

Tairi la mtumba usiliangalie meno tu. Tafuta neno DOT ubavuni, soma namba nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta limepakwa rangi nyeusi likang'aa na namba inasema lina miaka kumi, mrudishie mwenyewe.

Moshi wa buluu, oili inaungua. Mweupe usioisha hata injini ikipata joto, maji yanaingia kwenye mitungi. Mweusi kwenye gari la petroli, mafuta yamezidi; safisha kichujio cha hewa kabla ya kumwita mtu mwenye kompyuta ya kusoma namba za makosa ya gari.

Spana na mita

Siamini katika seti kubwa. Lile sanduku lenye vipande mia moja na zaidi lina soketi nyingi ambazo hutazigusa maishani, na zile chache unazozihitaji zimetengenezwa kwa chuma laini. Kwa gari la Kijapani namba zako ni 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota nyingi. Nunua hizo moja moja, nzuri, zenye alama ya Cr-V (chuma cha kromu na vanadi), ingawa alama yenyewe si kiapo, hata bandia huandikwa hivyo. Ipime kwenye nati iliyokaza: spana mbovu inafungua mdomo na kuzila kona za nati. Chukua soketi ya pembe sita badala ya kumi na mbili. Kwenye nati iliyoliwa na kutu, ile ya pembe sita hushika ubavu, ile nyingine hushika kona na kuzimaliza.

Bisibisi ya nyota ina siri yake. Skurubu za nyota za magari na pikipiki za Kijapani zimekatwa kwa JIS, kipimo cha viwanda vya Japani, na nyingi zina nukta ndogo kando ya msalaba. Bisibisi ya kawaida ya nyota haizami hadi chini, inapanda na kuula msalaba. Niliharibu skurubu nyingi nikidhani mkono wangu ndio mbaya.

Nati za magurudumu zikazwe kwa kipimo. Toyota nyingi ndogo hutaka Nm (nyutoni mita) 103. Wale vijana wanaoruka kwa miguu juu ya spana wanazidisha mbali, na siku utakapopata pancha usiku kule Gede peke yako utawakumbuka. Jeki nayo ni ya kuinulia tu. Ukitaka kuingia chini ya gari, weka stendi.

Mita ya bei ya chini inatosha kwa betri ya gari. Kwa umeme wa ukutani, hapana. Volti 240 zinahitaji mita yenye alama ya usalama ya CAT II au CAT III, nyaya nene zisizopasuka, na fyuzi halisi ndani. Ifungue nyuma uangalie: nimewahi kuikuta yenye waya mtupu mahali pa fyuzi.

Kompyuta haiwaki kabisa

Sasa nimerudi nyumbani kwangu. Anza ukutani. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, na ekstensheni inaweza kuwa imeungua kwenye tundu moja tu. Chomeka chaja ya simu kwenye tundu hilo hilo. Ikichaji, songa mbele. Ukiona tundu limebadilika rangi likawa kahawia, au linanuka plastiki, ekstensheni hiyo itupe. Bamba zake za ndani zimelegea au zimeshika kutu, zinapata moto, na ndiyo hadithi ya waya wangu wa betri kwa mara nyingine.

Kwa laptopu: pima ncha ya chaja. Nyingi zinatoa volti 19 au 19.5. Ikiwa sawa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bana kitufe cha kuwashia nusu dakika, rudisha chaja peke yake, ujaribu. Utashangaa ni mara ngapi hiyo inatosha. Tundu la chaja likicheza ukiligusa, hilo ni la kuchomelewa upya, si la kununulia ubao mkuu mpya.

Kwa kompyuta ya mezani: shaka ya kwanza ni pawa saplai. Toa plagi yake kubwa ya pini 24 kutoka kwenye ubao, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, na feni yake izunguke. Pima: ya njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ndani yake usifungue. Kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme, hushika umeme hata baada ya kuchomoa.

Ukinunua pawa saplai, usisome namba kubwa ya mbele, geuza usome jedwali dogo ubavuni. Tuseme mbele imeandikwa wati 500, na mstari wa volti 12 unasema ampea 14. Kumi na nne mara kumi na mbili ni wati 168, na vitu vinavyokula sana kwenye kompyuta ya leo vinakula kwenye mstari huo. Ipime na mkononi pia: ya kweli ina uzito, ndani kuna shaba na alumini. Ile nyepesi kama boksi la biskuti ina feni na matumaini. Kwa sababu hiyo mimi huwashauri watu wachukue kompyuta ya mtumba iliyokuwa ya ofisini, ya kampuni kubwa, kuliko mpya ya bei hiyo hiyo iliyounganishwa na vipande visivyo na jina. Ya ofisini ilijengwa iwake mchana kutwa kwa miaka, na spea zake zinapatikana.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Chomoa umeme, bana kitufe cha kuwashia umalize umeme uliobaki, gusa chuma cha kasha. Toa RAM. Utaona meno ya rangi ya dhahabu, na hapa Malindi mara nyingi yamefunikwa na utando mwepesi usioonekana mpaka uyageuze kwenye mwanga. Sugua kwa raba nyeupe safi, ondoa makombo kwa brashi. Usipulize kwa mdomo, mate nayo yana chumvi. Rudisha kipande kimoja hadi usikie "tak" ya vishikio pande zote mbili (hii ni "tak" nzuri), washa. Ikikataa, hamisha tundu, kisha jaribu kipande cha pili. Bado? Hakikisha waya wa skrini hauchezi, tena umechomekwa kwenye kadi ya picha ikiwa ipo.

Inawaka, baada ya dakika kumi inazimika

Joto. Vumbi limezungukia mapezi ya kupozea kama blanketi. Lipulize kwa hewa ukiwa umeishika feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu huzalisha umeme na inaweza kuharibika. Pasti ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipoza hukauka baada ya miaka. Isafishe kwa spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya choroko. Ubao ukiwa umefunguliwa, angalia kapasita: vichwa vyake viwe bapa. Vilivyovimba au kutoa ute wa kahawia vimekwisha.

Kila asubuhi saa inarudi miaka nyuma

Hii ndiyo kazi ninayoona haya kutoza pesa. Kuna betri ya duara kwenye ubao, CR2032 ya volti 3. Ikiisha, kompyuta inasahau tarehe, na mtu analeta mashine akisema intaneti imekufa, kwa kuwa tovuti zote zinamkatalia: vyeti vyao vya usalama havikubaliani na tarehe ya mwaka 2009. Badilisha betri, weka saa, mwisho.

Diski inagonga, flashi inakula faili

Diski ya zamani inayosema "tik, tik, tik" usiiwashe mara kumi ukijaribu bahati. Kila kuwasha kunaweza kuikwaruza. Iwashe mara moja, nakili kilicho muhimu, na picha za harusi zitangulie. SSD, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka, haigongi, inanyamaza tu siku moja, kwa hiyo nakala yake uwe nayo tangu mwanzo.

Flashi inayoandikwa terabaiti moja na kuuzwa kwa bei ya sahani ya biriani ni ya gigabaiti chache iliyofundishwa kusema uongo. Inapokea faili, inaonyesha majina yake, lakini ukifungua hakuna kitu. Ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, kabla hujaiamini.

Na kuna kesi moja nisiyopenda kuicheka. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu ambayo kipanya chake cha kugusa kilikuwa kimeinuka na kifuniko hakifungi tena. Juu yake, kwenye mfuko wa plastiki, kulikuwa na nusu tofali.

"Mwalimu, tofali la nini?"

"La kuilaza. Nilidhani gundi imeachia."

Ilikuwa betri iliyovimba. Ukiona hivyo zima, chomoa chaja, usiibane, usiichome kwa bisibisi, usiendelee kuichaji ati umalizie kazi ya leo. Itolewe polepole na mtu anayejua, iwekwe nje ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na makuti. Mchanga mkavu wa nyuma ya nyumba, si ule wa ufukweni.